Mba za Ndevu Zilizonihamishia Dukani

Dukani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na baridi ya huko imepunguza makali. Je, zile glavu mpya mlizogawiwa zinazuia cheche, au bado unarudi chumbani na malengelenge vidoleni? Kuchomelea vyuma ni kazi ya heshima, lakini vidole vingine huna. Kula vizuri. Usijifanye na wewe ni chuma kwa sababu unashinda navyo.

Sisi huku ni wazima. Mkeo mzima. Mwanao, Kibogoyo wetu, mzima, ameanza kukaa akiegemezwa mto, na akianguka ubavu hubaki hapo hapo akitutazama, kana kwamba ndivyo alivyopanga toka mwanzo. Ile mashine kubwa ya kufulia bado inapiga kelele za kutaka kufa, lakini inafua. Mvua zimekatika. Nguo zinakauka upesi, na hewa imekuwa kavu hata midomo inapasuka.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha hapa na kalamu.

Unakumbuka siku ile uliponipigia simu ukaniuliza kwa nini sili tena nyumbani, na kwa nini mkeo anasema simbebi mtoto? Nilikujibu kwamba kazi zimenizidi. Ukasema, "Sawa, baba." Sauti ile naijua. Ni sauti ya mtu aliyedanganywa na mzazi wake na hana pa kwenda kushtaki. Tangu hapo tukiongea tunaongea habari za mvua na mashine, na kila ninapokata simu najiona mdogo.

Kazi hazikunizidi, mwanangu. Nilikuwa nimejificha, na kilichonifanya nijifiche ni kidevu changu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nimeshindwa kukuambia kwa simu kwa sababu nikiongea dukani wateja wanasikia, na nikiongea nyumbani mkeo anasikia. Kwenye karatasi naona haya vile vile, lakini karatasi hainitazami usoni.

Ndevu hizi unajua zilivyoanza. Baada ya msiba wa mama yako sikuwa na hamu ya kushika wembe, na nilipokuja kushtuka zilikuwa zimejaa. Watu wakazisifu. Mwenye duka la vipuri hapo jirani akaanza kuniita Profesa, jina likashika, ikafika mahali wateja wageni wanaingia wakiuliza, "Profesa yupo?" Sikukataa. Mtu aliyeacha shule mapema kama mimi akipewa uprofesa bila mtihani, anakataaje? Nikawa nazichana asubuhi kabla hata sijawasha pasi.

Hewa ilipoanza kukauka, zikaanza kuniwasha. Kwanza chini ya kidevu, halafu kuwasha kukapanda hadi kwenye taya na pembeni mwa masharubu. Mkono mmoja unasukuma pasi, mwingine unakuna. Vikaanza kudondoka vitu vyeupe, vyepesi, kama majivu ya karatasi. Nikajiambia ni wanga. Unajua duka letu lilivyo, wanga uliokauka hauishi mezani. Nikaendelea kupangusa na kujidanganya.

Kuna wakili mmoja, mama wa makamo, mteja wetu wa miaka mingi. Joho lake jeusi halipeleki kwa dobi mwingine. Siku moja akarudi nalo, akalitandaza mezani chini ya taa, mabega yakiwa juu.

"Mzee," akaniuliza, "hivi ni vitu gani?"

Mabegani na kwenye kola, weupe umetapakaa. Nikamjibu ni wanga.

"Wanga? Si nilikuambia joho hili usilitie wanga?"

Ni kweli, aliniambia, na sikuwa nimelitia. Nikainama nilitazame vizuri, nikawa nalipangusa kwa kiganja, na nikiwa nimeinama hivyo kikaanguka kingine, mbele ya macho yake, kikatua juu ya kola. Tukakitazama sote wawili.

Hakusema neno. Hapo ndipo aliponimaliza. Angenifokea ningejua pa kushika. Alilikunja joho lake taratibu, kwa adabu, kama mgeni aliyeona nywele kwenye chakula na hataki mwenye nyumba ajue, akasema atapita siku nyingine. Hajapita mpaka leo. Nikiona mtu amevaa nyeusi anapita mlangoni, natazama chini.

Fikiria mwenyewe. Watu wananiletea uchafu wao niutoe, kumbe mimi ndiye ninayewapaka.

Nikafanya kile ambacho dobi anakijua. Doa likikaidi, unaongeza sabuni. Likizidi kukaidi, unaongeza maji ya moto. Likigoma kabisa, unashika brashi. Nikajifungia bafuni na kipande cha sabuni ya mche na ile brashi ngumu ya kusugulia kola, nikajisugua mpaka machozi yakanitoka. Asubuhi ile nilikuwa safi, ngozi imevutika kama ngoma iliyowambwa. Kufika mchana magamba yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza, na sasa yana wekundu chini yake.

Nikaona labda ni ukavu. Niliona haya kwenda dukani kuulizia mafuta ya ndevu, nikachukua mafuta ya kupikia jikoni. Yale magamba yakalowa, yakagandamana, na nyumba nzima nikawa nanukia kikaango. Nikajaribu ndimu. Hiyo ndimu naomba tusiizungumzie sana. Niliruka bafuni mpaka mkeo akagonga mlango kuuliza kama nimeteleza.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Nafanya mazoezi."

Kila nilichoongeza kiliharibu zaidi, na kadiri kilivyoharibu ndivyo nilivyoongeza. Mama yako angekuwepo angenishika kidevu siku ile ya kwanza na kuniuliza nimeoza wapi, na mambo yangeishia hapo. Lakini mwanamume akikaa peke yake na kioo chake, hana wa kumwambia acha.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Jioni nikirudi kazini nilikuwa nambeba Kibogoyo. Ananyamaza haraka mikononi mwangu, hilo hata mkeo anakubali. Namlaza kifuani, namwekea kidevu juu ya kichwa, namwimbia vile vimaneno vyangu visivyo na maana. Basi siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba naanua shuka za ile nyumba ya wageni. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Ndani alikuwepo mkeo na yule mama wa nyumba ya pili, ambaye unamjua, haji kwa mtu bila kuacha neno.

Nikamsikia anasema, "Haya magamba kichwani mtoto kayatoa wapi? Si kwa huyo babu yake? Kutwa anamwekea madevu yake utosini."

Nilikuwa sijaona, mwanangu. Nakuapia. Macho yangu ya karibu si mazuri, na jioni taa ya sebuleni ni hafifu. Lakini mkeo alikuwa ameona, maana alijibu, "Nimeona. Lakini nitamwambiaje baba?"

"Mwambie aoge," yule mama akajibu.

Nilibaki nimeshika shuka. Unaweza kudhani kwamba neno la kuoga ndilo lililonichoma. Lilinichoma, sikatai, dobi kuambiwa aoge si jambo dogo. Lakini lililonivunja ni lile la mkeo. Kumbe alikuwa ameyaona siku zote na kuyameza kwa heshima. Kumbe kila jioni nilipomnyooshea mtoto mikono, alikuwa ananipa huku moyo wake unakataa. Nikaanua hata shuka ambazo zilikuwa bado mbichi, ili nisiingie ndani.

Siku ile ile nikatangaza kwamba duka lina kazi nyingi. Nikahamishia godoro dogo kwenye chumba hiki cha nyuma. Nikawa napitia nyumbani mara moja moja, nimejifunga kitambaa shingoni hadi puani, na nikiulizwa nasema jino linaniuma. Mkeo akaniponda viazi laini, akavileta mwenyewe hadi dukani, akaniuliza jino lenyewe li upande gani. Nikamwonyesha wa kushoto. Kesho yake nikasahau, nikashika wa kulia. Alinitazama, akaweka bakuli mezani, akaondoka. Ukiwa mwongo uwe na kumbukumbu, na mimi kumbukumbu yangu imeishia kwenye nguo za watu.

Na Kibogoyo akiniona alikuwa anachangamka na kunyoosha mikono. Mimi najifanya natafuta vibanio.

Usiku na mchana nilikuwa na wazo moja tu, kwamba nimemharibu mtoto wako. Wewe umekwenda mbali, umeniachia watu wawili niwatunze, na mimi nimemwambukiza mmoja na kumkimbia mwingine. Ndiyo maana nilikuambia habari za kazi. Ningekuambiaje?

Aliyekata mzizi wa mambo haya ni mkeo. Asubuhi moja alikuja dukani na mtoto mgongoni. Hakupita nyuma kama kawaida yake. Alisimama upande wa wateja, mbele ya meza, kama mtu aliyeleta nguo.

"Baba," akasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama."

"Basi mbona umeihama nyumba? Mume wangu yuko mbali. Mama yangu yuko mbali. Mtu mzima niliyebaki naye ni wewe, na wewe umenihama. Watu wananiuliza kama tumegombana. Niwajibu nini?"

Sauti yake ilikatika pale mwishoni. Mashine nayo ikachagua wakati huo huo kumaliza kukamua, duka likawa kimya kabisa. Nilikuwa nimefikiria aibu yangu siku zote hizo, hata mara moja sikuwa nimefikiria kwamba yeye anabeba yake, ya kuonekana mkwe aliyemfukuza mzee kwenye nyumba yake.

Nikakifungua kitambaa. Nilifumba macho nilipokuwa nakifungua, mtu mzima na mvi zangu, kama mtoto anayengoja sindano.

"Ni hili?" akauliza.

"Ndilo. Na nimemwambukiza mtoto."

"Nani kakuambia?"

"Nilikuwa naanua shuka. Dirisha lilikuwa wazi."

Akashika mdomo. Nilipofumbua macho nikaona sasa naye hajui aangalie wapi. Tulisimama hivyo, tukiwa na meza katikati yetu, kila mmoja anaona haya kwa mwenzake. Halafu akamrekebisha mtoto mgongoni, akavuta pumzi.

"Funga duka, baba. Leo siku yake ya kliniki. Tunakwenda wote."

Duka hili sijawahi kulifunga siku ya kazi ila siku tuliyomzika mama yako. Nililifunga. Mwenye duka la vipuri akapiga kelele, "Profesa, vipi tena?" Sikugeuka.

Kliniki tulikaa kwenye benchi refu katikati ya kina mama na watoto wao, mwanamume peke yangu, nimejifunika kama mwizi wa kuku. Muuguzi alipokiona kichwa cha mtoto akatuelekeza kwa daktari wa ngozi, binti mdogo, umri wako au chini yako. Alimchukua Kibogoyo, akamlaza, akapitisha vidole kichwani taratibu.

"Hii huwapata watoto wengi wachanga," akamwambia mkeo. "Hajaitoa kwa mtu yeyote. Inaisha yenyewe. Mlainishie kwa mafuta ya mtoto, umwoshe na shampuu yake, umchane na brashi laini. Usimbandue kwa kucha." Halafu akauliza, "Kuna lingine?"

Mimi nilikuwa naangalia picha ya meno iliyobandikwa ukutani. Nililiangalia kila jino.

"Lipo, daktari," mkeo akasema. "Babu yake naye."

Ikabidi nikae kwenye kiti. Kitambaa kikatoka tena. Yule daktari akawasha taa yake ndogo, akatazama, kisha akawaita wanafunzi wawili waliokuwa wamesimama dirishani. "Sogeeni muone," akawaambia. Wakasogea. Mmoja akaniinua kidevu kwa kidole chenye glavu, kama anayekagua mbuzi. Mwanangu, hapo ningefurahi ardhi ipasuke inimeze, na kiti chao nacho.

"Mzee, ndevu unaziosha na nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya mche."

"Hii ya kufulia?"

"Ndiyo."

"Na unasugua na mkono?"

Mkeo akanitazama. "Na brashi," nikasema.

"Brashi gani?"

"Ya kola."

Mwanafunzi mmoja akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtikisika. Daktari hakucheka, Mungu ambariki. Aliweka kalamu chini. "Mzee, kola ikichakaa utashona nyingine," akasema. "Hii ukiichuna utaipata wapi? Hapa umejijeruhi mwenyewe. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo."

Kumbe ni mba, mwanangu. Mba tu. Nilidhani mba ni za kichwani, sikujua kwamba zinashuka hadi kwenye ndevu. Akanieleza kwamba ngozi iliyo chini ya ndevu hutoa mafuta yake, na juu yake huishi vijidudu vidogo vya jamii ya ukungu, kwangu, kwako, kwa kila mtu. Mara nyingine vinazidi, ngozi inakasirika, inaanza kuwasha na kubanduka. Hewa kavu huchochea, mawazo huchochea, na sabuni kali ndiyo kabisa. Niliuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

"Kwa hiyo si uchafu?"

"Si uchafu."

"Na mtoto?"

"Huwezi kumwambukiza. Mbebe mjukuu wako, mzee."

Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nakuandikia dawa yenyewe hapa, na usiiruke, kwa sababu kwenye picha uliyotutumia nimeona na wewe umeanza kuzifuga, na ngozi yako na yangu ni moja. Kwanza, zipunguze. Si lazima unyoe zote, ila ziwe fupi kiasi cha dawa kufika kwenye ngozi, maana ndevu ndefu zinakunywa dawa na ngozi inabaki na njaa. Ulizia duka la dawa shampuu ya dawa ya mba. Siku chache kwa wiki, lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, paka, kisha uingize kwa ncha za vidole mpaka uguse ngozi. Kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Uiache ikae kidogo kama walivyoandika kwenye chupa, ndipo usuuze vizuri, isibaki povu. Kausha kwa kugusagusa na taulo, usifikiche. Ukimaliza paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Mimi nilipewa pia kijikrimu cha kutuliza wekundu, nikaonywa nikitumie kwa siku chache tu na si zaidi. Siku zingine osha kwa sabuni laini ya uso. Na ndimu iache kwenye sahani.

Nilipopunguza ndevu, mwenye duka la vipuri alinitazama kwa masikitiko. "Profesa umeshushwa cheo," akasema. "Sasa umebaki mwalimu wa chekechea." Nilicheka naye, lakini nilishinda siku nzima nikijishika kidevu kutafuta zilizokuwepo.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kungoja. Kwa mtu aliyezoea kusugua, kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, povu limejaa kidevuni, mikono imetulia mapajani, ni adhabu. Mwanzoni sikuona tofauti. Vidole vikawa vinanitembea vikitafuta brashi. Brashi haikuwepo. Nilipekua duka zima, mwisho nikamuuliza mkeo, akasema hajui, huku anatazama pembeni. Zilipita siku kadhaa kola za wateja wetu nazisugua kwa mkono.

Kisha asubuhi moja nikagundua nimepiga pasi rundo zima la mashati na sijajikuna. Wekundu ukaanza kufifia. Leo nikipitisha kitambaa cheusi chini ya kidevu, kinatoka karibu safi. Daktari alinionya kwamba zinaweza kurudi hewa ikikauka au nikiwa na mawazo, na zikirudi nisianze vita, nianze upya na shampuu yangu. Kibogoyo kichwa chake kimebaki na kigaga kimoja kidogo karibu na utosi, nacho kinaachia.

Nilirudi kula nyumbani. Lakini usidhani aibu inaoshwa na shampuu. Nilikaa mezani, nikamsifia mkeo mapishi, nikaongea na mtoto kutoka mbali, na kila aliponinyooshea mikono nikawa na kisingizio. Daktari alisema nimbebe. Nilimsikia. Ila mikono ilikuwa inakataa.

Juma lililopita yule mama wa nyumba ya pili alikuja. Nilipomwona mlangoni nikainuka nitoke.

"Baba, kaa," mkeo akasema.

Nikakaa. Hajawahi kuniamuru kitu tangu umlete nyumbani. Akamkaribisha mgeni, akammiminia chai, ndipo akasema, kwa utulivu kabisa, "Mama, ile ya mtoto ni ya utoto, na ya baba ni mba. Hawajaambukizana, na hapa hakuna mchafu. Siku ile ulipoliongea nilitakiwa kukujibu, sikukujibu. Leo nakujibu."

"Ah, mimi nilisema tu," yule mama akasema. Aliinywa chai yake ikiwa bado ya moto, ili aondoke upesi.

Alipotoka, mkeo akamwinua Kibogoyo kwenye mkeka, akaniwekea mapajani bila kuniuliza, akaenda jikoni. Nilimshika kwa ncha za vidole, kama shati lililotoka sasa hivi kwenye pasi. Mtoto hakujali. Alinilalia kifuani, akasukumasukuma kichwa chake mpaka akapata mahali, akalala. Nami nilikaa nimeinua kidevu juu, natazama dari, mpaka shingo ikafa ganzi. Ndivyo ninavyombeba mpaka leo. Mkeo akipita ananiona, anatabasamu.

Kabla sijasahau, funguo za baiskeli yako zimepatikana. Zilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mtu ninayemjua na sitamtaja. Anasema hajui ziliingiaje. Baiskeli nimeifungia ndani.

Kuna jambo moja limebaki. Mkeo sijamshukuru. Nimejaribu. Nafungua mdomo, linatoka neno kuhusu chumvi. Badala yake nampigia pasi kila kitu, juzi nimemnyooshea hata vitambaa vya kufutia vyombo, akaniuliza kama nimepata homa. Nilitaka nikuombe wewe umwambie kwa niaba yangu, nikaandika hivyo, nikafuta, utaona hapo juu palipokwaruzwa. Usimwambie. Ni neno langu, nitalisema mwenyewe, hata nikilisema vibaya.

Wewe nakuomba radhi kwa uongo ule wa kwenye simu. Nilikuwa naogopa unione mchafu. Nimekulea ukiniona nimesimama kwenye mvuke na mashati meupe, na sikutaka uwe na picha nyingine ya baba yako kichwani.

Nisalimie wenzako wote wa chumbani, na yule fundi mkuu wako mwambie nashukuru kwa kukuruhusu kupumzisha mgongo. Mjomba wako anakusalimu, anasema hujibu ujumbe wake. Shangazi yako alipita, akaniambia nimekuwa kijana, na sikumweleza ujana umetoka wapi. Mkeo ataandika barua yake mwenyewe. Kibogoyo hana la kusema kwa sasa ila mate.

Mungu akulinde na moto unaoushika kila siku, akupe usingizi mzuri, akurudishe kwetu ukiwa na vidole vyako vyote. Na siku utakayoshuka hapo mlangoni, najua macho yako yatakwenda kidevuni kabla hujanipa mkono. Sitajifunika. Nipe muda tu wa kuzoea kutazamwa.

Ni mimi nikupendaye, na nikuoneaye haya kidogo,
Baba yako.